Cheti cha Nsabimana

Pale Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, palikuwa na kibao kilichomletea Swafiya kero miaka nenda miaka rudi. Mumewe alikiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, kabla maradhi hayajamlaza: HAPA TUNASUKA. Neno "mota" lilikuwa lifuate, lakini rangi ilimwishia. Akasema kesho atamalizia, na hiyo kesho akaanza kukohoa. Alipokufa, Swafiya hakutaka mtu yeyote akiguse kile kibao. Basi kila mara walikuja wanawake na vitana vyao na mikebe ya mafuta, wakasimama mlangoni wameduwaa, ndani wanaona vyuma tu.

Maana Swafiya hakuwa msusi wa nywele. Alisuka mota. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, au ya pampu ya maji, aliifungua, akaukata waya wa shaba ulioungua, akahesabu ulikuwa umezungushwa mara ngapi, kisha akausuka mwingine upya, mzunguko baada ya mzunguko, akaufunga kwa uzi wa pamba na kuupaka vanishi. Ni kazi ya macho na vidole, na ukipoteza hesabu unaanza tena. Mumewe alimfundisha vile mke anavyofundishwa, si kama mwanafunzi: shika hapa, vuta pale, nyamaza ninahesabu. Lakini mpaka siku ya kuzikwa kwake, mke alikuwa ameshampita.

Nani angeliamini hilo? Mteja aliingia, akamtazama mama huyu aliyejifunga kanga, vidole vyeusi kwa grisi, akauliza, "Fundi iko wapi?"

"Ndiye huyu unayesema naye."

"Mama, usinichezee. Fundi."

Mwishowe Swafiya akakitundika ukutani cheti cha marehemu, chenye picha na muhuri. Wateja wakakisoma, wakatulia, wakaziacha mota zao. Hebu fikiria! Mtu mzima, mwenye pumzi zake, anakula kwa cheti cha maiti. Jambo hilo lilimchoma. Siku moja alisikia kwamba kiwanda fulani kinatafuta fundi wa mota wa kudumu. Akaenda, akawasukia mota yao mbele ya macho yao, ikanguruma vizuri kabisa, wakampigia makofi. Kisha wakamwuliza, cheti chako kiko wapi, mama? Alirudi Biryogo kwa miguu akitukana njia nzima, na tangu siku ile akawa na wimbo mmoja tu mdomoni: lazima nimpate mtoto wa kike mmoja, mmoja tu, apate cheti chake chenye jina lake.

Akawasumbua akina mama wa mtaani. "Nileteeni hao wasichana, niwafundishe umeme. Huu mji utajengwa na nani?" Wakamcheka. Wakamwambia, Swafiya, wewe umeshaharibu vidole vyako, unataka na vya wanetu? Hakuletewa hata mmoja.

Aliyekuja, alikuja kwa kukosea.

Ilikuwa mwaka wa 1990, miezi michache kabla vita havijaanza huko mpakani. Msichana wa miaka kama kumi na mitano, mrefu, mwembamba, alisimama mlangoni na kitana amekichomeka nyweleni. Alitoka Rebero, kule mlimani, na shangazi yake alimtuma akajifunze kazi ya mikono.

"Shikamoo, mama. Nimeona kibao. Nimekuja kujifunza kusuka nywere."

Swafiya alikuwa na mgongo unaouma na mota ya watu iliyochelewa. Kwa hasira tu, akamrushia bunda la waya. "Haya. Suka hizo nywere."

Mtoto hakucheka wala hakukasirika. Akakaa chini, akatazama mama alivyoanza, akaushika waya. Vidole vilivyozoea kusuka mistari ya kichwa havikubabaika hata kidogo. Akawa anahesabu chini chini kwa Kinyarwanda, rimwe, kabiri, gatatu. Alipofika hamsini na kitu, Swafiya akamwuliza jina lake makusudi, ili ampotezee hesabu. Mtoto kimya. Alipofikisha themanini na sita ndipo akainua kichwa, akajibu:

"Nyiransabimana."

Loo, Swafiya alitaka kumkumbatia pale pale, lakini hakuwa mtu wa kukumbatiana. "Jina lote hilo? Nikikuita mara mbili jua limekuchwa. Mimi nitakuita Nyira."

Msichana akacheka sasa. "Mama, Nyira peke yake si jina. Ni mwanzo tu."

"Basi tuanzie hapo," akasema Swafiya.

Wakaanzia hapo. Mwaka mzima Nyira alishuka kutoka Rebero asubuhi na kupanda jioni, hata baada ya Oktoba, watu walipoanza kukamatwa na barabara kujaa askari wa kudai vitambulisho. Baba yake alilala gerezani miezi mitano kwa kosa la kuwa Mtutsi, akatoka amekonda na hasemi. Mtoto akaendelea kuja. Alijifunza kuisikiliza mota kwa kuigusa kwa bisibisi iliyoegemezwa sikioni. Alijifunza kunusa vanishi ikiiva. Kufikia katikati ya 1991, Swafiya alikuwa amegongelea msumari ukutani, kando ya cheti cha marehemu, na haukuwa na kitu juu yake.

"Wa nini huo?" Nyira akauliza.

"Wa cheti chako. Usinipotezee muda, hesabu."

Upande wa pili wa mji palikuwa na shule ya ufundi ya mapadri, iliyofundisha mbao na umeme. Swafiya alikwenda kuulizia. Katibu wa shule, Bwana Gatera, mtu mpole mwenye koti la kijivu, alimweleza kwa adabu zote kwamba umeme ni wa wavulana. Wasichana walikuwa na masista hapo jirani, wakifundishwa ushonaji na mapishi.

"Basi nipe fomu," Swafiya akasema.

"Ya masista?"

"Ya umeme. Nina kijana."

Wakaijaza karakanani, juu ya meza yenye chenga za shaba. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Swafiya. Alipofika penye jina, akasimama. Mnyarwanda yeyote akiona "Nyira" mwanzoni mwa jina anajua huyu ni mwanamke, hahitaji kuuliza. Ukiitoa hiyo Nyira, kinachobaki ni Nsabimana, na akina Nsabimana wamejaa nchi nzima. Fomu yenyewe haikuuliza mwanamke au mwanamume. Ya nini, wakati umeme ni wa wavulana? Swafiya akaandika: NSABIMANA.

Msichana aliinama juu ya karatasi. "Mama, hilo si jina langu."

"Ni kipande cha jina lako. Ukishaingia, tutakirudisha kile kingine."

Palikuwa na kisanduku cha kabila pia. Hapo Nyira aliichukua kalamu mwenyewe, akaandika Tutsi kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa ndivyo kitambulisho cha baba yake kilivyosema, na aliyekutwa amedanganya katika hilo alijua kitakachompata. Swafiya akatazama pembeni.

Nsabimana akakubaliwa. Siku ya kuripoti, Bwana Gatera alipomwona Nsabimana mwenyewe amevaa sketi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Palizuka mzozo. Padri mkuu akaitwa, akaagiza iletwe mota iliyoungua, akamwambia haya tuone. Saa nne baadaye alimwambia abaki, alale kwa masista, asome na wavulana. Ila daftari la shule lilikuwa limeshaandikwa, Nsabimana, mvulana, na Bwana Gatera akasema kulibadili kunataka barua ya komini, ile ofisi ya serikali ya mitaa, na barua ya komini inataka siku ambazo hakuna mtu anazo.

"Acha," akasema Swafiya, na moyo wake umejaa furaha hadi kooni. "Tutarekebisha kwenye cheti."

Hakurekebisha. Mwaka mmoja ulipita, na wa pili. Mabomu yalilipuka sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Vijana wa vyama vya siasa wakawa wanapita mitaani na marungu wakiimba. Swafiya kila Jumapili aliletewa habari za alama: Nyira wa kwanza katika mota, Nyira wa pili katika michoro, Nyira amewafundisha wavulana kufunga uzi wa pamba kama unavyofungwa msuko. Alizishika habari hizo kama mtu anayeota moto wa jirani. Machi 1994 mtihani wa mwisho ukafanyika. Nyira akafaulu. Vyeti vikapigwa chapa, vikatiwa sahihi, vikafungiwa katika kabati la chuma la ofisini kungoja sherehe ya Julai.

Kisha ikaja Aprili.

Watu wa Kigali wanaijua Aprili ile, na asiyeijua hataijua kwa kusimuliwa na mimi. Watutsi waliuawa nyumba kwa nyumba. Kule Rebero hakubaki mtu wa kwao Nyira: baba, mama, shangazi, wadogo zake wanne. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki shuleni likizo ya Pasaka, pamoja na wengine wachache. Siku ya sita ya mauaji aliibukia kwenye ua wa Swafiya, miguu pekupeku, akaingia karakanani. Swafiya akamlaza nyuma ya rundo la mota mbovu, akazipanga mbele yake kama ukuta. Waliokuja kupekua waliona vyuma. Alikaa humo hadi Julai. Swafiya alimlisha, akamsafisha, akamwuliza: kule shuleni ilikuwaje? Hakujibiwa, naye akadhani ni uzito wa mambo yote kwa jumla.

Oktoba, mji ukiwa umejaa watu wapya waliorudi kutoka Uganda, Burundi na Tanzania, kila mmoja na Kiswahili chake, ilitangazwa kwamba shule ya mapadri inafunguliwa. Waporaji walikuwa wamebeba madawati na madirisha, lakini kabati la chuma liliwashinda. Vyeti vipo. Wenyewe waje.

"Twende," Swafiya akasema.

"Sitaki, mama."

"Hutaki nini?"

"Sikitaki."

Loo, Swafiya akawaka. Mji mzima hauna fundi! Pampu zimekufa, mashine za kusaga zimekufa, waliokuwa wakizijua wamekufa au wamekimbia, sasa ndiyo zamu yako, na unaniambia hukitaki? Miaka mitatu nimeutazama msumari mtupu! Alipayuka mpaka sauti ikamkauka, na maneno mengine angalipenda baadaye ayarudishe. Nyira alivaa viatu, akamfuata.

Ofisini palikuwa na benchi. Mama mmoja wa shamba alikuwa amekaa hapo, amefunga kitu kwenye pembe ya kitenge. Aliwasalimu, akasema anaitwa Nyiramana, ametoka Masaka, mashambani mashariki ya mji, kwa miguu, anamtafuta mwanawe. Hajui kama yu hai. Labda karatasi za shule zitasema.

Katibu wa zamani hakuwapo. Kwenye kiti chake alikaa dada aitwaye Harriet, aliyekulia Uganda, ambaye hakumjua mtu yeyote wala mtu yeyote hakumjua. Alifungua bahasha, akasoma kwa sauti:

"Nsabimana!"

Swafiya akasimama. Mama wa Masaka naye akasimama.

Harriet akawatazama wote wawili. "Ni mmoja tu, wazee wangu. Nsabimana wa umeme."

"Wangu alikuwa wa mbao," akasema Nyiramana. "Mwaka wa pili. Lakini ni Nsabimana. Mtazame." Akafungua pembe ya kitenge, akatoa kitambulisho. "Alikisahau nyumbani alipokuja kusalimia. Nimemletea."

Juu yake palikuwa na picha ya kijana mwenye masikio makubwa, na chini, penye kabila, Hutu. Nyira, ambaye hakuwa amesimama jina lilipoitwa, aliitazama ile picha.

"Mama, mimi namjua," akasema. "Tulikuwa naye."

Nyiramana akakaa polepole. Alijua, kwa sauti ile tu.

Nyira akasema akitazama sakafu. "Tulikuwa kumi na mmoja. Walikuja na mapanga na askari wawili, na daftari la ofisi. Walisoma majina ya Watutsi tu. Wakasoma Nsabimana, nikasimama. Yule mwenye daftari akaniambia keti wewe, humu imeandikwa mvulana. Nikaketi, mama. Nilijua ni mimi anayetakiwa, na nikaketi. Wakauliza, Nsabimana ni nani kati ya wavulana? Wenzake wakamgeukia. Akasema ni mimi, lakini siye huyo, mimi si Mtutsi, kitambulisho changu kiko nyumbani. Wakamwambia wote husema hivyo. Kisha wakamtoa nje."

Akamgeukia mama wa kijana.

"Alinitazama. Shule nzima ilijua kwamba daftarini mimi ni Nsabimana, walikuwa wananitania nalo. Angeweza kusema, ni yule pale. Hakusema. Nami sikufungua mdomo. Walipokuwa wanashughulika naye huko nje, nikaruka dirisha la nyuma."

Swafiya alitafuta benchi kwa mkono. Akilini aliiona ile kalamu, na zile chenga za shaba mezani, na jinsi alivyojiona mjanja siku ile. Herufi tano tu. Zimemwokoa mmoja, zimemuua mwingine, na mama yake huyu hapa, kwa miguu kutoka Masaka. "Kalamu ilikuwa yangu," akasema kwa sauti. "Mama, mimi ndiye niliyelikata jina. Huyu mtoto alikataa."

Nyiramana hakumtazama. Alikuwa akikifuta kile kitambulisho kwa kidole gumba, hapo penye uso.

"Alilia?" akauliza.

"Hapana, mama," akasema Nyira.

Harriet, masikini, hakujua afanye nini na mikono yake, mwishowe akanyoosha ile karatasi kwa yeyote. Nyira akainuka, akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa karatasi nzuri, nene, yenye muhuri wa buluu na sahihi ya padri. Aliisoma yote, kutoka juu hadi chini. Kisha akapiga goti mbele ya mama wa Masaka, akamwekea mapajani.

"Hiki ni chake," akasema. "Jina ni lake."

Mkono wa Swafiya ulinyooka wenyewe kukizuia. Ulifika nusu ya njia, akaurudisha. Alijiona kama anazikwa mzima.

Nyiramana akaigeuza karatasi. "Mimi sijui kusoma. Inasema nini?"

"Inasema," Harriet akajibu, "Nsabimana ni fundi wa umeme. Amefaulu vizuri sana."

"Wangu alikuwa anajifunza mbao."

Mama yule akafikiri, akaipapasa ile chapa kwa vidole, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pembe ya kitenge pamoja na kitambulisho.

"Basi na umeme alijifunza," akasema. Akainuka, maana Masaka ni mbali.

Wale wawili walirudi Biryogo. Swafiya alitaka kusema nisamehe, lakini kila alipofungua mdomo aliona neno hilo halifai, ni dogo mno. Karakanani Nyira alivua viatu, akaketi, akavuta mota aliyoiacha asubuhi. Ukutani palikuwa na cheti cha marehemu, na kando yake msumari.

Hawakukaa sana, akaingia mwanamume na pampu begani, mmoja wa wale waliorudi kutoka Burundi. "Fundi iko wapi?"

Swafiya hakuwa na nguvu za kugombana. Akamwonyesha msichana kwa kidevu. Mtu yule akamtazama Nyira, akatazama ukutani, akakisoma cheti cha marehemu, akatulia kama wote walivyotulia, akaitua pampu yake chini.

"Sawa. Nikirudi nimwulize nani? Unaitwa nani, dada?"

"Nyira."

"Nyira nani?"

"Nyira tu. Kile kipande kingine nimekitoa."

Mtu yule akacheka, akidhani anataniwa. "Lakini Nyira peke yake si jina, dada yangu."

"Najua," akasema, akainamia waya, akaanza kuhesabu.